Jinsi Hati za Usanidi Zinavyotambua Maktaba za Mfumo: Maana ya Jibu la "Hapana" kwa Programu Ziendazo Mantapala

Ikisiri

Programu huria nyingi husambazwa zikiwa msimbo chanzo, na kabla hazijajengwa hutanguliwa na hati ya usanidi inayoichunguza kompyuta ili kujua ni maktaba zipi zilizopo. Makala haya yanaeleza jinsi uchunguzi huo unavyofanyika na yanadai kwamba jibu la "hapana" litolewalo na hati hizo huchanganya hali tatu zisizofanana: maktaba haipo, maktaba ipo lakini vifaa vya kujengea havipo, au swali lenyewe limeharibika. Madhara ya mchanganyiko huo yanaangaliwa kwa kuzingatia makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge nchini Zambia, ambako lugha inayotumiwa na programu huamua kama msomaji ataelewa au hataelewa kilicho mbele yake.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Mantapala yalifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, karibu na Ziwa Mweru. Yaliwekwa kwa ajili ya Wakongomani waliovuka mpaka kuanzia Agosti 2017 wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao wakipitia kwanza kituo cha muda cha Kenani. Walikuja na Kiswahili, na lugha za nyumbani kwao, na waliosoma walikuja pia na Kifaransa. Walifika mahali ambapo wenyeji wanazungumza Kibemba, na ambapo ofisi zinaandika Kiingereza. Kompyuta inayowekwa mbele ya mtu wa namna hiyo, iwe darasani au penginepo, hukutana na suala la lugha kabla ya suala jingine lolote.

Ujuzi wa kuifanya programu izungumze Kiswahili si mgeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org, na tangu hapo mjadala wa istilahi za kompyuta haujakoma. Mjadala huo, hata hivyo, hukomea kwenye tafsiri. Hatua inayofuata huachiwa mafundi, nayo ndiyo inayojadiliwa hapa: tafsiri iliyokamilika yaweza kuachwa nje ya programu na hati ya usanidi pasipo mtu yeyote kuamua iachwe.

2.0 Sababu ya kuuliza

Katika miaka ya 1980 jina Unix lilikuwa jina la ukoo kuliko la mtu mmoja. Mifumo ya BSD, ya System V na ya watengenezaji mbalimbali wa mashine ilifanana kwa sura na kutofautiana katika mambo madogo yenye kuudhi. Ili kutafuta herufi ndani ya mfuatano wa herufi, BSD ilikuwa na kitendakazi index. System V ilikuwa na strchr. Mwandishi wa programu aliyetaka kazi yake ifanye kazi kwa jamaa wote wa ukoo huo alilazimika kumwomba kila mtumiaji afungue faili la maelekezo na kulihariri kwa mkono. Larry Wall, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa lugha ya Perl, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuikabidhi kazi hiyo kwa hati. Aliiita Configure na kuitumia kwa rn, programu yake ya kusomea makundi ya habari. Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akitunza zana nyingi za mradi wa GNU, alianzisha Autoconf.

Autoconf yenyewe haichunguzi kompyuta. Hutunga hati inayochunguza. Mwandishi wa programu huandika mistari michache katika faili la configure.ac, na Autoconf huigeuza kuwa hati ya sheli yenye maelfu ya mistari, iitwayo configure, ambayo huendeshwa hata kwenye mashine isiyo na Autoconf. Uamuzi mkubwa uliomo ndani yake ni kutouliza mfumo jina lake. Orodha ya aina "kama ni mfumo fulani, basi una kitu fulani" huzeeka siku mfumo huo unapotoa toleo jipya. Kwa hiyo hati haiulizi "wewe ni nani?" bali "waweza kufanya nini?", na haikubali maneno, hutaka kuona.

3.0 Namna ya kuuliza

Mfano ni programu inayohifadhi rekodi zake kwa maktaba ya SQLite. Hati ikitaka kujua kama maktaba hiyo ipo, huandika faili dogo liitwalo conftest.c. Ndani yake mna tamko la kitendakazi sqlite3_open, na kitendakazi kikuu kinachokiita. Kompaila, yaani programu inayofasiri msimbo kuwa lugha ya mashine, hutakiwa kulifasiri faili hilo. Kisha kiunganishi hutakiwa kukifunga kilichofasiriwa pamoja na maktaba, kwa agizo -lsqlite3. Kazi hiyo ikimalizika kwa namba ya kutokea 0, hati huandika kwamba maktaba ipo. Ikimalizika kwa namba nyingine yoyote, huandika kwamba haipo. Mafaili ya jaribio hufutwa na hati huendelea na swali jingine. Programu ndogo iliyojengwa haikuendeshwa hata mara moja. Kule kukubali kujengwa ndiko kulikochukuliwa kuwa ushahidi.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba tamko lililomo katika faili hilo ni la uongo. Autoconf hutangaza kuwa sqlite3_open haipokei kitu chochote na hurudisha herufi moja, ilhali si kweli. Uongo huo ni wa makusudi. Katika lugha ya C kiunganishi hutafuta jina tu, hakijali kitendakazi kinapokea nini wala kinarudisha nini. Tamko fupi la namna moja huweza kutumika kwa maktaba zote duniani. Hila hii imefanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu ya 4.0 itaonyesha gharama yake.

Majibu hukusanywa katika faili la config.h kama alama zinazosomwa na msimbo wa programu: HAVE_LIBSQLITE3 ikipewa thamani 1, vipande vya msimbo vinavyotumia SQLite huingizwa, isipopewa, huachwa. Kumbukumbu kamili ya kila jaribio, pamoja na malalamiko yote ya kompaila, huwekwa katika config.log. Kwenye skrini huonekana neno moja tu.

Njia ya pili ni ya cheti badala ya jaribio. Programu ya pkg-config, iliyozaliwa katika jumuiya ya GNOME karibu na mwaka 2000, hutegemea kila maktaba iache faili lenye kiishio .pc linaloeleza toleo lake, mahali ilipo na maagizo yanayohitajika kuiunganisha. Meson huanza kwa kuuliza pkg-config. CMake huwa na moduli za utafutaji zinazopekua folda zinazojulikana, zikitafuta jina la faili. Njia hizi ni za haraka, na zinajua namba ya toleo, jambo ambalo jaribio la kuunganisha haliwezi kulijua kwa urahisi. Lakini cheti hubaki mezani hata mwenye cheti akiwa ameondoka.

4.0 Hapana tatu

Mvuvi wa Mweru anayepandisha wavu mtupu usiku wa kuvua chisense hasemi papo hapo kwamba ziwa halina samaki. Huitazama taa kama bado inawaka vizuri, kisha huupitisha wavu mikononi akitafuta tundu. Hati ya usanidi haina mkono wa kupapasia. Wavu mtupu kwake una maana moja.

Hapana ya kwanza ndiyo ya kweli: maktaba haipo. Haihitaji maelezo marefu.

Hapana ya pili huwapata watu wengi kuliko zote, na huwachanganya kwa sababu inapingana na macho yao. Katika Debian na Ubuntu maktaba moja hugawanywa katika vifurushi viwili. Kifurushi libsqlite3-0 kina maktaba yenyewe, faili la libsqlite3.so.0, ambalo programu zilizokwisha jengwa hulitumia kila siku. Kifurushi libsqlite3-dev kina vifaa vya mjenzi: faili-kichwa sqlite3.h, kiungo kiitwacho libsqlite3.so kisicho na namba, na cheti sqlite3.pc. Sasa agizo -lsqlite3 humwelekeza kiunganishi atafute jina lisilo na namba. Moduli ya CMake hutafuta sqlite3.h. Meson hutafuta cheti. Vyote vitatu vimo katika kifurushi kile kile cha pili. Hivyo kompyuta yaweza kuwa inaendesha programu kumi zinazotegemea SQLite, na njia zote tatu zikajibu kwa sauti moja kwamba SQLite haipo. Kuwa na mashahidi watatu hakusaidii wakiwa wamekaa nyumba moja.

Mjini, mwenye kuijua hali hii huisahihisha kwa amri moja na dakika mbili za upakuaji. Pale ambapo data hununuliwa kwa kipimo na vifurushi huja kwenye diski iliyotayarishwa kabla, aliyetayarisha diski akiwa amebeba maktaba tu bila vifaa vya mjenzi, kosa hilo halisahihishiki siku hiyo. Ni kosa dogo lenye umbali mkubwa.

Hapana ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa maktaba ipo, vifaa vipo, na bado jibu ni hapana kwa sababu swali halikusikika. Njia rahisi ya kuizalisha ni kumwekea kompaila agizo la -Werror, linalogeuza kila onyo kuwa kosa, kabla ya kuendesha configure. Kompaila huliona lile tamko la uongo. Iwapo kitendakazi kinachoulizwa ni kimojawapo cha vile ambavyo kompaila inavifahamu yenyewe, kama cos ya maktaba ya hisabati, hutoa onyo kwamba tamko halilingani na inavyojua; onyo linageuka kosa; kosa linageuka namba ya kutokea isiyo 0; na hati inaandika kwamba kompyuta haina cos. Mjenzi aliyetaka ukali zaidi amepata upofu.

Mei 2024 tukio la aina hiyo lilikuja kwa upana. Toleo la 14 la kompaila ya GCC lilianza kukataa mambo ambayo matoleo ya awali yaliyaonya tu, miongoni mwayo kukiita kitendakazi kisichotangazwa. Majaribio mengi ya zamani yaliyoandikwa kwa mkono ndani ya hati za usanidi yalikuwa na ulegevu huo huo. Yalianza kushindwa, na kushindwa kwao hakukuonekana kuwa ubovu wa jaribio, bali kulionekana kuwa ukosefu wa kitu kilichoulizwa. Autoconf yenyewe ilikuwa imekaa bila toleo jipya kuanzia 2.69 ya mwaka 2012 hadi 2.70 ya Desemba 2020, na hati nyingi zinazosambazwa leo bado zilitungwa na lile la 2012.

Kwamba udhaifu huu waweza kutumiwa kwa nia mbaya, dunia ilijifunza Machi 29, 2024, Andres Freund alipotangaza kuwa matoleo mawili ya xz, zana ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Mlango wenyewe uliingizwa kupitia faili la usanidi lililokuwamo ndani ya vifurushi vya matoleo. Lakini wakaguzi waliopekua baadaye waligundua jambo jingine, dogo zaidi. Katika jaribio la CMake lililouliza kama mfumo una Landlock, kinga ya Linux inayoibana programu isiguse mafaili yasiyoihusu, palikuwa na nukta moja peke yake mwanzoni mwa mstari. Nukta hiyo ilifanya programu ya jaribio isifasirike kwenye mashine yoyote ile. Jibu likawa hapana daima, na xz ikajengwa bila kinga hiyo, bila kosa lolote kuonekana. Aliyeiweka alielewa vizuri jinsi hati hizi zinavyosikia: hakuhitaji kuifuta kinga, alihitaji tu kuliharibu swali.

5.0 Lugha kama maktaba

Uwezo wa programu kutumia lugha zaidi ya moja nao ni maktaba, na hutafutwa kwa njia zile zile. Katika programu nyingi huria kazi hiyo hufanywa na gettext. Hati hujenga programu ndogo inayoita vitendakazi vya gettext, kwanza ikijaribu maktaba kuu ya C, na ikishindwa hujaribu maktaba ya pembeni iitwayo libintl. Katika mifumo inayotumia glibc vitendakazi hivyo vimo ndani ya maktaba kuu, kwa hiyo jaribio hufaulu mapema. Kwingineko libintl huhitajika, pamoja na vifaa vyake vya mjenzi, na hapo hapana zote tatu huwa na nafasi.

Kinachofuata baada ya hapana ndicho kinachoipa habari hii uzito. SQLite ikikosekana, programu inayoitegemea kwa kawaida hukataa kujengwa, na mjenzi hujua ana tatizo. Gettext ikikosekana, ujenzi huendelea. Alama ya ENABLE_NLS haiwekwi, na kila sentensi iliyokusudiwa kupitia kwa mtafsiri hupita moja kwa moja kama ilivyoandikwa na mwandishi wa programu, yaani, mara nyingi, kwa Kiingereza. Faili la tafsiri ya Kiswahili hubaki katika folda ya chanzo, limekamilika, limesahihishwa, halisomwi na yeyote. Mjenzi anayesoma Kiingereza hatagundua kitu. Na hati iliyompa habari, tukumbuke, nayo hutoa taarifa zake kwa Kiingereza tu.

Hata jibu likiwa ndiyo, hati haijaangalia kila kitu. Gettext ya glibc haitafsiri chochote iwapo kompyuta inaendeshwa katika mazingira ya lugha yaitwayo C, ambayo ndiyo hali ya kuanzia ya mifumo mingi iliyopunguzwa ukubwa ili itoshe kwenye kifaa kidogo. Lazima mazingira halisi yawe yametayarishwa. Glibc ina maelezo ya sw_TZ na sw_KE kwa Kiswahili, na bem_ZM kwa Kibemba cha Zambia. Lakini maelezo kuwamo katika glibc hakuna maana kwamba yametayarishwa kwenye mashine fulani. Hati ya usanidi haiulizi jambo hilo, na haki yake ni kutouliza, kwa kuwa mazingira hayo huamuliwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, pengine miaka mingi baada ya ujenzi.

Yakiwa tayari, gettext hutoa uwezo unaoifaa Mantapala kwa namna ya pekee. Kigezo cha LANGUAGE hupokea orodha na si lugha moja. Thamani sw:fr humaanisha: tumia Kiswahili, sentensi isiyo na tafsiri ya Kiswahili ichukue Kifaransa, na ikikosekana humo pia, iachwe ilivyo. Kwa msomaji aliyesomeshwa Lubumbashi au Pweto, mpangilio huo unalingana na anavyosoma kweli, na tafsiri ya Kiswahili iliyofika nusu haimtupi kwenye Kiingereza. Jirani yake Mzambia anaweza kuweka bem kwenye mashine ile ile. Yote haya hutegemea neno moja lililopita kwenye skrini ya mjenzi.

6.0 Mashine ya mjenzi si mashine ya mtumiaji

Kompyuta ndogo za bei nafuu zenye kichakataji cha ARM, kama Raspberry Pi, hutumika sana pale ambapo umeme ni wa jua na mtandao ni wa kubahatisha. Kujengea programu kubwa juu yake huchukua muda mrefu. Kwa hiyo mjenzi hutumia mashine yake yenye nguvu, Lusaka au Dar es Salaam au popote alipo, na kuamuru kompaila itoe msimbo wa kichakataji kingine. Huo ni ujenzi mtambuka, na hapo kanuni ya "hutaka kuona" inapungukiwa, maana kilichojengwa hakiwezi kuendeshwa mahali kilipojengwa.

Majaribio mengi hayahitaji kuendeshwa, kama ilivyoelezwa. Yale machache yanayohitaji hulazimika kukisia. Kisa kinachojulikana kwa wajenzi ni cha malloc, kitendakazi kinachoomba kumbukumbu. Hati huuliza kama malloc ikiombwa baiti sifuri hurudisha anwani halali, na njia pekee ya kujua ni kuijaribu. Isipoweza, matoleo ya zamani ya Autoconf yalikisia hapana, yakaelekeza kila mwito wa malloc uende kwa kitendakazi mbadala, rpl_malloc, ambacho mara nyingi mwandishi wa programu hakuwa amekileta. Ujenzi ulikwama mwishoni kwa kulalamikia jina ambalo halikuwamo popote katika msimbo. Walau hapo ulikwama.

Hatari isiyokwama ni pkg-config kusoma vyeti vya mashine ya mjenzi badala ya vya mashine ya mtumiaji. Hati huridhika kwamba maktaba ipo, na ni kweli ipo, ila Lusaka. Dawa yake ni kuielekeza pkg-config kwenye nakala ya mfumo wa mtumiaji kwa vigezo PKG_CONFIG_LIBDIR na PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR, na kuihifadhi nakala hiyo pamoja na msimbo.

7.0 Kuifanya hapana isikike

Tiba kuu ni kuondoa ukimya. Mjenzi anayehitaji kitu asiiachie hati kukitafuta ikipenda, aseme anakihitaji. Meson huzipa sifa za hiari hali tatu: kuwashwa, kuzimwa, na kuachwa zijiamulie. Sifa iliyowashwa ikikosa maktaba yake husimamisha ujenzi. CMake hufanya hivyo hivyo kwa neno REQUIRED. Katika Autoconf mambo humtegemea mwandishi: hati nyingi hupokea --enable-nls kama ombi, zikikosa gettext huendelea kana kwamba hazikuombwa. Mwandishi wa programu inayokusudiwa kutumika kwa Kiswahili anapaswa kuandika mistari michache ya ziada inayoifanya configure isimame na kueleza kwa nini.

Mjenzi asiye na mamlaka juu ya msimbo hubaki na config.log. Ni faili refu na halivutii, lakini ndimo hapana tatu zinapotengana. Chini ya swali lililojibiwa hapana huonekana maneno ya kompaila yenyewe: kiunganishi hakikuiona -lsqlite3, na hapo anajua atafute kwanza kama libsqlite3.so.0 ipo peke yake bila kifurushi cha mjenzi. Au kompaila imelalamikia sintaksia ya programu ya jaribio, na hapo anajua kwamba maktaba haikuulizwa kamwe. Katika config.h hutafutwa ENABLE_NLS. Na kabla diski haijafungwa kwa safari ya Nchelenge, programu huendeshwa mara moja kwenye kifaa kile kitakachobaki huko, LANGUAGE ikiwa sw:fr, mbele ya mtu anayesoma Kiswahili.